Nataka kazi ya biashara ya kimataifa: je, nikope nikasome shahada ya uzamili?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27 na shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara. Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa karani wa hesabu katika kampuni inayoagiza vipuri vya mashine kutoka nje. Kazi yangu ni kulinganisha ankara, kuandaa malipo ya wauzaji na kufuatilia ushuru tuliolipa forodhani. Tangu chuoni nimetamani kazi ya biashara ya kimataifa, lakini kila tangazo linadai uzoefu wa kimataifa na mimi sijawahi hata kuvuka mpaka. Nimekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa nchi nyingine. Ada ni kubwa, itanibidi nikope, na wazazi wangu wako tayari kuweka akiba yao ya uzeeni iwe dhamana. Wakati huohuo kuna wakala mtandaoni ameniahidi kazi ya ofisa biashara ya nje huko ng'ambo, ila anataka nilipe kwanza ada ya kushughulikia visa. Rafiki zangu nao wananiambia niachane na yote hayo nijifunze Kichina. Je, nimechelewa? Nishike njia ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako kwa makini, na mahali nilipokwama ni pale uliposema hujawahi kuvuka mpaka. Wewe hujavuka, lakini karibu kila karatasi inayopita mezani kwako imevuka. Unalipa wauzaji kwa fedha za kigeni. Unaona jinsi kiwango cha kubadilisha fedha kinavyokula faida. Unajua ni mzigo gani ulitozwa ushuru kuliko ilivyotarajiwa, hata kama hukuambiwa sababu. Huo ni uzoefu wa kimataifa, na nina wasiwasi kwamba kwenye wasifu wako umeuandika kwa maneno kama "kuandaa malipo", kisha mwajiri akaupita bila kuuona.

Ninavyoelewa, nyuma ya maswali yako yote kuna hofu moja: kwamba fani hii ina mlango mmoja, mlango huo una bei kubwa, na unakaribia kufungwa. Ndiyo maana mkopo, wakala na Kichina vyote vinakuja kwako kwa mkupuo kama mambo ya kuamua wiki hii. Naomba tuanze kwa kuuangalia mlango wenyewe.

Rudi kwenye yale matangazo uliyoyasoma. Ni nadra kukuta kampuni inatafuta "mtu wa biashara ya kimataifa". Utakuta inatafuta ofisa ununuzi, mtaalamu wa forodha, msimamizi wa usafirishaji, mchambuzi wa fedha za biashara, ofisa mauzo wa kanda fulani, mwanasheria wa mikataba, au ofisa wa kuhakikisha sheria zinafuatwa. Hizo ni kazi mbalimbali zinazokutana kwenye muamala mmoja. Watu wanaozifanya wana mafunzo tofauti, mishahara tofauti na hata tabia tofauti. Anayetaka kuwa vyote hivyo kwa pamoja huishia kujieleza kwa maneno makubwa yasiyomwambia mwajiri ni tatizo gani atalitatua Jumatatu asubuhi.

Ili uelewe kwa nini kazi hizo zipo, fikiria mauzo ya ndani ya nchi moja. Mnunuzi akigoma kulipa, muuzaji anamfuata, au anampeleka kwenye mahakama ambayo wote wawili wanaitambua, na fedha wanayodaiana ni ileile. Weka mpaka katikati uone yanayotokea. Mzigo unakaa njiani wiki kadhaa bila kuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Fedha zinakuwa mbili, sheria mbili, na wahusika hawajuani. Kila pengo kati ya hayo limezaa ufundi wake, na watu wa ufundi huo wanalipwa kwa jambo moja: kuhakikisha hasara haimwangukii mwajiri wao kwa sababu ambayo ingeweza kuonwa mapema.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate. Kiwanda kinauza pampu za maji za euro 100,000 kwa mnunuzi aliye bara jingine, malipo siku 90 baada ya mzigo kupakiwa.

Kitu cha kwanza kwenye mkataba ni herufi tatu: FOB, CIF, FCA na nyinginezo. Hizo ni kanuni za Incoterms, ambazo Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, ICC, chenye makao yake Paris, kilizitoa mara ya kwanza mwaka 1936. Toleo linalotumika sasa ni la 2020 na lina kanuni 11. Zinaamua nani analipia nini, na hasa ni wakati gani hatari ya mzigo kuharibika inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, wenye shahada wakiwemo. Wanadhani chini ya CIF muuzaji anabeba hatari hadi bandari ya mnunuzi, kwa kuwa ndiye aliyelipa nauli na bima hadi huko. Sivyo. Gharama analipa hadi huko, lakini hatari inahama pale mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Meli ikipatwa na dhoruba katikati ya bahari, hasara ni ya mnunuzi na yeye ndiye atakayedai bima. Tena bima ambayo muuzaji analazimika kuinunua chini ya CIF, wasipokubaliana vinginevyo, ni ile ya kiwango cha chini kabisa, ambayo haifidii wizi. Mnunuzi anayegundua hilo baada ya kontena kufunguliwa njiani amechelewa.

FOB, ambapo muuzaji hubeba gharama na hatari hadi mzigo upakiwe melini, nayo ina mtego wake. Inafaa kwa mizigo inayokabidhiwa ikiwa tayari inapanda melini. Kontena hukabidhiwa yadini, pengine siku kadhaa kabla ya meli kutia nanga, na muuzaji aliyeuza kwa FOB anaendelea kubeba hatari muda wote huo ingawa mzigo haumo tena mikononi mwake. ICC yenyewe inaelekeza kwamba kwa makontena itumike FCA, ambapo hatari inahama pale muuzaji anapomkabidhi mzigo msafirishaji. Hata hivyo mikataba ya makontena kwa FOB inaandikwa kila siku, kwa mazoea tu. Kijana anayeweza kumweleza meneja wa mauzo jambo hili kwa utulivu, akiwa na mkataba mkononi, husikilizwa bila kuulizwa amesoma wapi.

Kisha kuna malipo. Muuzaji hamjui mnunuzi, kwa hiyo anaomba benki iingie katikati na kutoa ahadi ya maandishi kwamba italipa ikiletewa hati zilizokubaliwa. Mabenki huiita ahadi hiyo LC, na karibu zote huongozwa na kanuni za ICC zinazoitwa UCP 600, zilizoanza kutumika 1 Julai 2007. Kifungu cha 5 ndicho moyo wake: benki zinashughulika na hati, hazishughuliki na bidhaa. Pampu zinaweza kuwa nzima zote, lakini ankara ikieleza bidhaa tofauti na LC inavyoeleza, au hati zikawasilishwa baada ya siku zilizoruhusiwa, benki ina haki ya kukataa kulipa. Ina siku 5 za kazi za kibenki kuzikagua. Na hati zikishakataliwa, mnunuzi anapata nguvu ya kuomba punguzo, hasa kama bei ya soko imeshuka wakati meli iko njiani. Kwa upande wa pili, hati zikiwa safi benki inalipa hata kama masanduku yana mawe ndani, isipokuwa pale udanganyifu unapothibitika. Kwa hiyo mtu anayesoma hati kwa jicho kali analinda fedha nyingi kuliko cheo chake kinavyoonyesha.

Fedha zenyewe zina hatari yake. Tuseme mnunuzi wetu anauza kwa dola. Siku ya mkataba euro moja ni dola 1.08, kwa hiyo deni lake ni dola 108,000. Siku ya kulipa euro imepanda hadi dola 1.15, na deni limekuwa dola 115,000. Dola 7,000 zimetoweka na hakuna aliyeiba wala aliyezembea kazi yake. Ni kwamba hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuiuliza benki, siku ya mkataba, bei ya kununua euro za siku 90 mbele kwa kiwango kinachofungwa leo.

Halafu forodha, eneo ambalo wewe unaligusa kila siku. Bidhaa zote zinazopita mipakani hupewa namba kwa mfumo wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika 1 Januari 1988. Namba sita za mwanzo ni zilezile katika nchi zote zinazoufuata mfumo huo, kisha kila nchi huongeza zake. Pampu za vimiminika ziko 8413. Mtu angetarajia vipuri vyote vya pampu viende huko pia, kwenye 8413.91. Lakini skrubu ya chuma, hata iwe imetengenezwa kwa ajili ya pampu hiyohiyo, iko 7318, na beringi iko 8482, kwa sababu maelezo ya kisheria ya mfumo yanavitoa vitu hivyo kwenye kundi la vipuri vya mashine. Viwango vya ushuru vya namba hizo vinaweza kutofautiana sana. Kampuni inayoagiza vipuri, kama ya kwenu, ikiweka kila kitu chini ya namba ya mashine kwa kurahisisha kazi, ama inalipa ushuru kupita kiasi mwaka hadi mwaka, ama inalipa pungufu na inasubiri siku ya ukaguzi. Ningekuwa kwenye kiti chako ningeanza kuangalia hapo kesho.

Sheria nitaigusia kwa ufupi, kwa sababu ina shule yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliokubaliwa Vienna mwaka 1980, unaweza kutawala mkataba wenu hata kama hakuna aliyeutaja, ikiwa nchi zote mbili ni wanachama na ninyi hamkukubaliana kutoutumia. Mkataba wa New York wa 1958 nao ndio unaofanya uamuzi wa msuluhishi wa nchi moja uweze kutekelezwa katika nchi nyingine nyingi. Huhitaji kuwa mwanasheria. Unahitaji kujua kwamba vitu hivi vipo ili ujue wakati wa kumwita mwanasheria.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa muda kwa sababu nataka ujione ndani yake. Kati ya mambo hayo yote, ni lipi lililokufanya usome polepole? Hilo ndilo la kulifuata. Usichague kwa kutazama mishahara ya matangazo, maana utatumia miaka mingi katikati ya maelezo madogomadogo, na asiyeyapenda hawezi kuyaona makosa yaliyojificha humo. Kwa unayonieleza, naona njia mbili zilizo karibu nawe kuliko nyingine: forodha na uainishaji wa bidhaa, au fedha za biashara ya nje, yaani malipo, LC na fedha za kigeni. Mimi ningeanza na forodha. Mtu wa hesabu anayejua namba za bidhaa na thamani ya forodha, yaani thamani ya mzigo inayotumika kukokotoa ushuru, ni adimu, na tayari una vipuri vya miaka mitatu vya kujifunzia. Lakini kama sura ya benki ndiyo iliyokuvutia, usinisikilize mimi kwa hilo.

Anza hivi. Mwombe mkuu wako akuruhusu kufuatilia mzigo mmoja kutoka siku ya oda hadi siku ya malipo ya mwisho: oda, ankara, orodha ya vifungashio, hati ya shehena, cheti cha uasili wa bidhaa, bima, tamko la forodha, risiti za bandari. Kaa na wakala wa forodha wa kampuni yenu, muulize kila namba ilitoka wapi. Wakala mzuri hufurahi kuulizwa. Kisha chukua miamala ya mwaka mmoja na ujumlishe vitu vitatu ambavyo kwa kawaida havijumlishwi: hasara ya tofauti ya viwango vya fedha, tozo za kontena kukaa bandarini kupita muda, na ushuru uliorekebishwa na forodha baada ya tamko la kwanza. Andika ukurasa mmoja wenye sababu na mapendekezo, umpelekee mkuu wako. Hata kama hatafanya lolote, wewe sasa una kitu cha kusema kwenye usaili ambacho wahitimu wengi wa uzamili hawana. Linda siri za mwajiri unapokieleza nje: taja asilimia na aina ya tatizo, usitaje majina ya wauzaji wala bei zao.

Mafunzo ya kuanzia si ghali. Kituo cha Biashara cha Kimataifa cha Geneva, ITC, kilichoanzishwa mwaka 1964 na kinachoendeshwa kwa pamoja na Shirika la Biashara Duniani na Umoja wa Mataifa, kina kozi za mtandaoni zisizo na ada, na kina hifadhidata ya Trade Map inayoonyesha nani anamuuzia nani nini kwa namba zilezile za forodha. Jifunze kuitumia hadi uweze kujibu swali kama hili: nchi gani tatu zinauza beringi kwa wingi, na mauzo yao yamekwendaje kwa miaka mitano? Ukitaka cheti cha kitaaluma baadaye, kuna CDCS kwa wanaokagua hati za LC, na kuna diploma ya FIATA, shirikisho la mawakala wa usafirishaji lililoundwa Vienna mwaka 1926, ambayo hutolewa kupitia vyama vya nchi mbalimbali. Cheti cha namna hiyo kina faida ambayo shahada ya jumla haina: mwajiri anajua hasa unachokiweza.

Kuhusu Kichina, rafiki zako hawakukosea kabisa, ila wametanguliza kitu kisicho cha kwanza. Lugha huongeza thamani ya ufundi ulionao. Ikikutwa peke yake inakufanya mkalimani, kazi yenye heshima lakini siyo unayoitaka. Katika ununuzi na mauzo, kujua lugha ya upande wa pili kunabadilisha mambo mengi, kwa kuwa huko ndiko watu wanakosomana nyuso na kujenga imani. Katika forodha na hati za benki, kitakachokubeba kwanza ni Kiingereza cha kuandika kwa ufupi na bila utata, maana sehemu kubwa ya mikataba, hati za meli na kanuni nilizozitaja husomwa kwa lugha hiyo. Ukigundua kwamba wauzaji wenu wengi wako China na unataka kuhamia upande wa ununuzi, hapo anza Kichina, ukijua ni safari ya miaka.

Nimeona pia kwamba unaihusisha fani hii na kusafiri. Wapo wanaosafiri sana. Lakini kazi nyingi ninayoijua hufanyika mezani, kwa barua pepe na mikutano ya mtandaoni ya saa zisizo za kawaida kwa sababu ya tofauti ya majira. Kampuni huona ni gharama kubwa kumhamishia mfanyakazi nchi nyingine pamoja na familia yake, hivyo humtuma aliyekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kitu ambacho hakipatikani huko aendako. Kama kinachokuvuta hasa ni kuona dunia, jiambie ukweli huo sasa. Haina ubaya, ila njia zake ni tofauti.

Sasa shahada ya uzamili. Sitaki kuidharau, kwa sababu kwa watu fulani ilikuwa uamuzi bora wa maisha yao. Inachotoa kwa uhakika ni mtandao wa watu wa nchi nyingi, nafasi ya kufikiwa na kampuni zinazoajiri moja kwa moja vyuoni, na katika baadhi ya nchi, haki ya kubaki kwa muda na kutafuta kazi baada ya masomo. Isichotoa ni ule ufundi wa mezani tuliouzungumza. Na kuna jambo ambalo vipeperushi vya vyuo havilisemi kwa sauti: waajiri wengi wanapotakiwa kumdhamini mgeni kwa kibali cha kazi hawafanyi hivyo kwa nafasi za chini. Hufanya hivyo kwa mtu mwenye ujuzi wasioupata kirahisi. Kwa hiyo shahada ileile ina thamani ndogo kwa anayeifuata bila ufundi, na thamani kubwa kwa anayeifuata akiwa nao tayari.

Kabla ya kukubali, kiandikie chuo na uulize wanafunzi wangapi wa kigeni wa mwaka uliopita walipata kazi ndani ya miezi sita, kazi gani, na katika nchi gani. Uliza kama mafunzo ya kazini yamo ndani ya programu au utayatafuta mwenyewe. Uliza kama nafasi yako inaweza kuahirishwa. Soma masharti ya visa kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo, maana masharti ya kubaki baada ya masomo hubadilika mara kwa mara. Chuo kikikujibu kwa maneno mazuri yasiyo na takwimu, hilo nalo ni jibu.

Kuhusu akiba ya wazazi nitasema waziwazi: usiiguse. Wewe ukikosa kazi baada ya masomo una miaka mingi ya kujirekebisha. Wao hawana. Kama uzamili ni lazima kwako, kuna njia nyingine za kujaribu kwanza. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai angalau saa 2,800 za uzoefu wa kazi, ambazo kwa miaka yako mitatu unazo tayari, na humtaka aliyefadhiliwa arudi nchini kwake kwa miaka miwili. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya hukusomesha katika nchi zaidi ya moja. Kila ufadhili una orodha yake ya nchi na ushindani wake ni mkali, lakini ukurasa ule niliokuambia umwandikie mkuu wako ndio utakaokupa la kusema kwenye maombi. Ushauri wangu ni uahirishe mwaka mmoja au miwili, ujenge ufundi, kisha uamue upya. Nikikosea katika hili, utakuwa umepoteza muda kidogo. Ukikopa sasa na mambo yasiende, utakuwa umepoteza zaidi ya muda.

Kuna jambo hukuliuliza ila litakufikia, na kwa nafasi yako huenda limeshakufikia. Siku moja mtu atakuomba ubadilishe thamani kwenye ankara ili ushuru upungue, au uandike malipo fulani kama "gharama za kurahisisha". Kataa, na ukatae kwa maandishi. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani zinataka thamani ya forodha ianzie kwenye bei halisi iliyolipwa au inayopaswa kulipwa, na forodha huweza kurudi kukagua vitabu muda mrefu baada ya mzigo kutoka. Kuhusu hongo, sheria ya Marekani ya 1977 na ya Uingereza ya 2010 zinaweza kuzifikia kampuni na watu walio mbali na nchi hizo, na ile ya Uingereza haisamehi hata malipo madogo ya kuharakisha huduma. Karani aliyeandaa hati mara nyingi ndiye jina la kwanza linaloonekana. Fani hii huishi kwa kuaminiana kati ya watu wasioonana, na jina likishachafuka linakufuata hata ukihama kampuni.

Kuchelewa? Hapana. Kanuni hizi hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka kadhaa, na kila zinapobadilika wakongwe nao hurudi darasani. Toleo jipya la namba za forodha litaanza kutumika 1 Januari 2028. Ofisi nyingi zitaamka mwezi mmoja kabla. Ukiwa umelisoma mapema na kulinganisha namba za vipuri vyenu vyote, miaka yako 27 haitamsumbua mtu.

Nimemwacha wakala mwishoni makusudi, maana hapa siandiki tena kama mwalimu wa biashara. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaelekeza kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa kwa makundi maalumu yaliyoidhinishwa na mamlaka. Ada ya visa hulipwa kwa ubalozi au kituo kilichoteuliwa na ubalozi huo, haipitii kwa mtu wa mtandaoni. Na hatari inaweza kuzidi fedha. Mwaka 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza makadirio ya kuaminika kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia, walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walivutwa kwa ahadi za kazi nzuri za ofisini, na miongoni mwao walikuwamo wasomi.

Kwa hiyo usimalizane na wakala huyo kwa simu. Chapisha mawasiliano yenu na uyapeleke ana kwa ana kwenye ofisi ya serikali inayosimamia ajira za nje, uulize kama amesajiliwa. Peleka jina la kampuni inayodaiwa kuajiri kwenye ubalozi wa nchi hiyo, na uwasiliane na kampuni yenyewe kwa anwani uliyoipata kwingine, si ile aliyokupa yeye. Mkataba wowote wa kazi ya nje usomwe na mwanasheria wa kazi kabla hujasaini. Na ikiwa bado unaufikiria mkopo wa masomo, wewe na wazazi wako mkae na mwanasheria au mshauri wa fedha asiyelipwa na benki, awaeleze kwa sauti kitakachotokea kwa akiba hiyo marejesho yakikwama miezi mitatu.

Kama tayari umemlipa wakala chochote, nenda benki yako na polisi leo hii, kwa sababu malipo ya karibuni yana nafasi kubwa zaidi ya kuzuiwa kuliko ya wiki iliyopita. Na kama anakuomba umtumie pasipoti halisi ili "aanze utaratibu", usiitume.